Theluji isiyoyeyuka: ufundi wa kuvika visanamu vya vita weupe wa mlimani

Na MWANDISHI WETU

MTU anayesimama kando ya barabara ya Nairobi kwenda Naivasha, mahali mlima Longonot unapojitokeza mzimamzima kutoka sakafu ya Bonde la Ufa, hataona theluji hata akikaa hapo miaka mia. Mlima huo una kimo cha mita 2,776 tu, nao uko karibu sana na Ikweta. Baridi ya Julai huleta ukungu, na katika nyanda za juu za Kinangop na Mau huweza kuleta sakitu inayounguza mimea shambani. Theluji yenyewe ni jambo la kusimuliwa.

Hata hivyo, weupe si haba katika eneo hili. Kandokando ya Ziwa Elmenteita kuna ukoko wa magadi unaong’aa jua linapowaka. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya udongo mweupe pe uitwao dayatomaiti. Nao mteremko wa Longonot umejaa majivu na yale mawe mepesi ya volkano ambayo wengi wetu tunayafahamu kwa kusugulia visigino.

Weupe wa jinsi hii ndio mali ghafi ya ufundi mmoja usiojulikana sana hapa nchini, ila una wapenzi wake: kutengeneza theluji bandia ya kuweka chini ya miguu ya visanamu vya vita. Makala haya yanaeleza ufundi huo unavyofanywa, vifaa vinavyofaa na visivyofaa, na pia swali ambalo fundi wa Afrika Mashariki hawezi kulikwepa, yaani theluji hiyo iwe kiasi gani.

Mchezo wa vita vya mezani ulianza kama somo la maafisa wa jeshi la Prussia mwanzoni mwa karne ya 19, kabla haujawafikia raia. Mwaka wa 1913 mwandishi Mwingereza H.G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za kupigana kwa askari wa risasi sakafuni, na tangu hapo mchezo ukawa burudani ya watu wazima wasioona haya kucheza. Wachezaji hupanga majeshi juu ya meza, hupima mwendo kwa rula, na hutupa dadu kuamua nani kaanguka.

Kila kisanamu husimama juu ya kitako, kibamba cha plastiki au mbao chenye upana wa sarafu. Kitako hicho ndicho nchi ya askari huyo. Kikipakwa mchanga, yuko jangwani. Kikioteshwa nyasi bandia, yuko mbugani. Kikitiwa theluji, mtazamaji huanza kuhisi baridi kabla hajauliza askari huyo ni wa jeshi gani.

Vita vya theluji katika Kenya?

Msomaji atauliza, na ana haki: Mkenya anatafuta nini kwenye theluji? Vita vikubwa vilivyopiganwa katika eneo letu, vya 1914 hadi 1918, vilikuwa vya vichaka, kiu na malaria. Anayetengeneza mapigano ya Longido ya Novemba 1914 atahitaji miiba na vumbi, na theluji yake yote itakuwa mstari mweupe wa Kilimanjaro uliochorwa kwenye ubao wa nyuma.

Lakini kipo kisa kimoja ambacho kinafaa kuliko vyote. Januari 1943, wafungwa watatu wa vita kutoka Italia walitoroka kambi ya Nanyuki. Hawakuwa na nia ya kukimbilia nchi nyingine. Walitaka kupanda Mlima Kenya, ambao walikuwa wakiutazama kila siku kupitia seng’enge. Kiongozi wao aliitwa Felice Benuzzi, na wenzake walikuwa Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti.

Vifaa vyao walivitengeneza wenyewe kwa siri. Nyundo ziligeuzwa kuwa mashoka ya barafu, vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga chini ya viatu, na kamba za mkonge kutoka vitandani zikawa kamba za kukwea. Ramani hawakuwa nayo. Walitegemea hata mchoro wa mlima uliokuwa kwenye lebo ya kopo la nyama.

Jaribio lao la kufika kilele cha Batian lilishindikana. Barsotti alikuwa mgonjwa, akabaki kambini mwao mlimani. Benuzzi na Balletto walipanda Lenana, mita 4,985, wakasimamisha huko bendera ya Italia. Kisha wote watatu waliteremka, wakarejea Nanyuki na kujikabidhi wenyewe. Waliadhibiwa siku 28 za kifungo cha upweke, zikapunguzwa kuwa saba.

Watu wawili, bendera moja, mwamba na theluji. Fundi wa visanamu angetaka nini zaidi?

Kupunguza mlima mara sitini

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kusahau kipimo. Kisanamu cha kawaida cha mchezo huu kina kimo cha milimita 28 hivi, maana yake mtu wa mita 1.7 amepunguzwa takriban mara 60. Kila kitu kingine kitakachokuwa kwenye kitako sharti kipunguzwe vivyo hivyo.

Theluji ya kina cha sentimita 30, inayofika nusu ya muundi wa mtu, itakuwa na unene wa milimita tano tu. Na punje za theluji? Chukua chumvi ya mezani. Punje yake yenye upana wa milimita 0.3, ukiizidisha mara 60, inakuwa bonge la milimita 18. Hiyo si theluji tena. Ni mvua ya mawe.

Tofauti hiyo wakazi wa kijiji kimoja karibu na Nyahururu waliiona kwa macho mnamo Septemba 2008, mlima mmoja ulipofunikwa na weupe nao wakaukimbilia kwa furaha wakidhani ni theluji. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikamana ikawa tandiko la barafu.

Kwa hiyo unga unaotakiwa ni ule ulio laini kama poda, usioonyesha punje kwa macho.

Chumvi ina dhambi nyingine pia: huvuta unyevu wa hewa na kutia kutu kisanamu cha chuma. Sukari huleta sisimizi. Unga wa ngano huleta fukusi na ukungu. Kwa kifupi, chochote kinacholiwa kibaki jikoni, isipokuwa kimoja kinachostahili aya zake.

Soda ya kuokea

Soda ya kuokea, ile ya mandazi, ndiyo theluji ya maskini duniani kote. Ni laini, ni nyeupe, hupatikana katika kila duka, na ina mng’ao mdogo unaopendeza. (Isichanganywe na magadi ya kulainishia maharagwe. Hayo yana ukali zaidi, yana mabonge, na mara nyingi si meupe.)

Njia yake rahisi ni hii: kitako hupakwa gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji kidogo, kisha soda hunyunyizwa juu kwa chujio la chai, na inayobaki hukung’utwa baada ya gundi kukauka. Matokeo yake hupendeza siku hiyohiyo, na hapo ndipo penye mtego.

Mwandishi wa makala haya alikitengeneza kitako cha namna hiyo miaka kadhaa iliyopita, akakiweka juu ya meza yake ya kazi katika chumba cha habari. Mwaka wa kwanza kilisifiwa. Mwaka wa pili theluji ilikuwa imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Mwaka wa tatu mwenzangu mmoja wa dawati la michezo aliuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini askari yule amesimama juu ya ugali.

Sababu yake si siri. Soda hiyo huyeyuka majini, karibu gramu 96 kwa kila lita ya maji ya vuguvugu la kawaida. Ikigusana na gundi yenye maji, sehemu yake huyeyuka, huingia ndani ya gundi, kisha huganda upya gundi inapokauka, ikiwa na punje kubwa kuliko za awali. Aidha, soda si tulivu kama inavyoonekana. Ina asili ya alkali, na gundi iliyokaa nayo kwa muda mrefu huelekea kubadilika rangi. Unyevu wa hewa huongeza kasi. Kitako kilichoko Mombasa kitaharibika kabla ya kile kilichoko Gilgil.

Wapo wanaochanganya soda na supaglu. Mchanganyiko huo huganda kwa sekunde chache na kuwa mgumu kama jiwe, jambo linalofaa kwa kujaza mianya ya mwamba, si kwa theluji. Tena hutoa joto na mvuke unaochoma macho. Anayefanya hivyo afungue dirisha na asiinamie kazi yake.

Njia inayodumu

Fundi anayetaka kazi yake ifikishe miaka kumi hatategemea unga peke yake. Rangi nyeupe ndiyo inayobeba weupe; unga ni wa kutoa umbile tu.

Mchanganyiko unaotumika sana ni wa sehemu mbili za gundi nyeupe na sehemu moja ya rangi nyeupe ya akriliki, kisha unga huongezwa kidogo kidogo huku ukikorogwa mpaka uwe kama uji mzito usiodondoka kijikoni. Bila rangi, gundi ikikauka huwa angavu, na theluji huishia kuwa kijivu kama maji ya dobi.

Unga bora kwa kazi hiyo ni wa vijitufe vya kioo, vidogo kuliko macho yawezavyo kutofautisha. Havinyonyi maji, havigeuki rangi, na huakisi nuru kama theluji halisi. Huagizwa kutoka ng’ambo, na kuvisubiri kunahitaji subira. Asiyevipata atumie chaki iliyosagwa ikachekechwa kwa kitambaa chepesi. Chaki huyeyuka majini kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo haina ile tabia mbaya ya soda.

Je, dayatomaiti? Udongo huu ni mabaki ya maganda ya mimea midogo mno iliyoishi katika ziwa la kale, maganda yaliyojengwa kwa silika. Viwanda vya rangi huitumia kuondoa mng’ao, na hiyo ndiyo sifa yake kwa fundi: theluji yake hufifia kama theluji kavu iliyopeperushwa na upepo. Tatizo lake ni kiu. Ina vitundu vingi kiasi kwamba huifyonza gundi kama chapati inavyofyonza mchuzi, na uji ulioukoroga sasa hivi utakuwa matofali kabla hujamaliza vitako vitatu. Maji yaongezwe zaidi, na mchanganyiko uwe mdogo mdogo.

Hapa pana onyo ambalo halifai kupitwa haraka. Vumbi la dayatomaiti, hasa ile iliyochomwa kiwandani kwa joto kali, lina silika inayoweza kuyaharibu mapafu kwa makovu yasiyopona. Tahadhari ya vumbi ihusu vijitufe vya kioo pia. Valia barakoa ya kuzuia vumbi, siyo leso. Usipulize kitako kwa mdomo. Futa meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Na watoto wasikae karibu.

Tasnia ya filamu ya Marekani ilijifunza somo hili kwa njia mbaya. Katika miaka ya 1930 theluji ya sinema ilitengenezwa kwa asbesto, ikanyunyiziwa waigizaji vichwani, kwa sababu ilikuwa nyeupe, nyepesi na haishiki moto. Ilipofika 1946, filamu ya “It’s a Wonderful Life” ilitumia povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na sukari. Kabla yake watengenezaji walizoea pia maganda ya mahindi ya kiamshakinywa yaliyopakwa rangi nyeupe, ambayo yalipiga kelele miguuni kiasi cha kulazimu mazungumzo yarekodiwe upya.

Kuhusu mawe: yale mepesi ya volkano hufaa kwa mwamba. Hukatika kwa kisu, hushika gundi vizuri, na ncha zake huonekana kama jabali hata yakiwa madogo kama punje ya maharagwe. Ila yasitolewe ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Longonot. Ukoko wa Elmenteita nao uachwe ulipo. Ziwa hilo ni sehemu ya urithi wa dunia tangu 2011. Mawe yaliyoporomoka kando ya njia nje ya hifadhi yanatosha vitako vya maisha.

Theluji hulala wapi?

Kitako kilichopakwa weupe kote kama keki ya harusi humfichua fundi asiyewahi kuitazama hata picha ya mlima. Kwanza ardhi yenyewe hupakwa rangi zake zote, udongo, mwamba na majani makavu, kana kwamba theluji haitakuja. Ndipo theluji inapowekwa juu, na sehemu za chini zikaachwa zichungulie.

Theluji hukaa mahali palipolala na hukimbia pale palipo wima. Upepo huirundika upande mmoja wa jiwe na kuufagia wa pili, kwa hiyo vitako vyote vya kikosi kimoja lazima vikubaliane upepo unatoka wapi. Nyayo hukanyagwa kabla uji haujakauka, kwa kutumia kisanamu kingine kilicholoweshwa miguu ili kisinate. Ndani ya nyayo na chini ya kivuli cha jiwe hupakwa rangi ya buluu iliyozimuliwa sana, mithili ya maji yaliyosuuziwa brashi, maana kivuli juu ya theluji huangazwa na anga.

Kwa theluji inayoyeyuka, vanishi yenye mng’ao hupakwa pembezoni. Kwa vijiti vya barafu vinavyoning’inia mwambani, chukua mwili wa kalamu angavu ya plastiki, upashe moto juu ya mshumaa mpaka ulainike, kisha uvute pande zote mbili polepole. Utapata uzi mwembamba wa kukatwa vipande.

Mlima ulio kwenye Ikweta una desturi zake ambazo vitabu vya Ulaya havizitaji. Februari, mwezi wa Benuzzi, jua la adhuhuri huwa kusini mwa Ikweta. Nyuso za miamba zinazoelekea kusini hupata jua na kukauka, na zile za kaskazini hubaki na barafu. Ifikapo Julai mambo hugeuka. Anayetengeneza tukio la 1943 akirundika barafu upande wa kusini atakuwa amekosea msimu.

Kiasi gani?

Ndipo tunapofikia swali la mwanzo. Wamisionari Rebmann na Krapf waliporipoti theluji ya Kilimanjaro mwaka wa 1848 na ya Mlima Kenya mwaka wa 1849, wasomi wa London waliwakejeli kwamba theluji haiwezi kukaa kwenye Ikweta. Rebmann aliandika kwamba kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule, kwa neno moja tu, baridi. Wenyeji walijua wanachokitazama.

Kejeli hiyo inaelekea kutimia kwa njia ambayo hakuna aliyeiwazia. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote za Mlima Kenya, ilipoteza asilimia 90 hivi ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Jirani yake, barafu ya Gregory, imekwisha kutoweka. Mwaka wa 2022 UNESCO ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba barafu za Afrika zilizo katika orodha ya urithi wa dunia, zikiwamo za Kilimanjaro na Mlima Kenya, yamkini zitakuwa zimekwisha ifikapo 2050.

Kwa fundi, jambo hili ni la kipimo na la uaminifu. Picha anazozipata leo kwenye intaneti zinaonyesha mwamba mtupu mahali ambapo Benuzzi na Balletto walitazama barafu. Akiiga picha ya juzi, atakuwa amewavua wanaume wale nusu ya mlima walioupanda. Akiiga ya 1943 bila kuandika mwaka, mtoto atakayekiona kitako hicho atadhani ndivyo mlima ulivyo.

Wazazi wanaofahamu mitaala ya sasa, ambapo mwanafunzi hutumwa nyumbani kuunda umbo la mlima kwa karatasi zilizolowekwa na gundi, wanajua kazi hiyo huangukia nani saa nne za usiku. Pamba nyeupe hubandikwa kileleni, kazi hupata alama, kesho yake hutupwa. Ni vyema basi kumuuliza mtoto kabla ya kubandika: huu ni mlima wa mwaka gani?

Kile kitako changu cha manjano nilikikwangua, nikakipaka upya kwa chaki na rangi nyeupe, na chini yake, kwa wino usiofutika, nikaandika “Lenana, Februari 1943”. Bado kiko mezani. Hufunikwa kwa bilauri iliyopinduliwa, kwa sababu vumbi la Bonde la Ufa ni jekundu, nalo halichelewi kutua juu ya kitu cheupe.